Swali la Kumi na Saba

Asistanti Kabwita ametugawia karatasi,
kurasa nne, na kalamu za kurudisha.
Ukumbi wa Kasapa, saa nane mchana, bati linalia kwa joto.
"Jazeni kwa ukweli," anasema, "majina hayaandikwi."

Swali la kwanza: umri. Hilo najua.
La tano: kazi ya baba.
Hapo kalamu inasita.
Niandike alivyokuwa, au alivyo?
Miaka ishirini na sita alikula moshi wa bomba lile,
akapewa bahasha, akaambiwa asante,
akanunua friza mbili na mashine ya kusaga
kwa kuwa jirani alinunua, na jirani wa jirani.
Mtaa wetu mzima wa Katuba ulisaga siku moja
na mahindi hayakutosha mashine zote.
Friza moja leo tunahifadhia nguo.
Naandika: mfanyabiashara. Nafuta.
Naandika: yupo.

Swali la tisa: nani amekutia moyo? Chagua mmoja.
Profesa alituchorea mishale mitatu ubaoni,
yote ikielekea neno moja, NIA,
kisha akasimama mlangoni kuuza silabasi zake,
franka elfu tano, hakuna deni.
Sijui kama huo nao ni mshale.

Mama hakuchora kitu.
Saa kumi usiku yuko na bidoni la munkoyo, anaonja,
anajua uchachu kama wengine wanavyojua saa.
Aliniambia: "Mie niko nauzisha juu weye usiuzishe."
Sentensi hiyo niitie kisanduku gani?
Ndiyo iliyonilipia mwaka wa kwanza, na wa pili,
ndiyo inayonifunga mikono.

Swali la kumi na mbili: mazingira.
Neno hilo tu, na namba, moja hadi tano.
Mazingira yalikuja Jumanne na kitabu cha stakabadhi,
yamevaa kofia, yakataka kodi ya meza.
Alhamisi yakaja mengine, kofia nyingine,
yakataka kodi ya kivuli cha meza.
Nazungushia mbili. Moja naiweka akiba,
umeme bado haujakatika wiki hii.

Mujinga, tunayelala chumba kimoja, anachungulia.
"Weka tano kote," ananong'ona, "watadhani sisi matajiri."
Ndiye mshika likelemba yetu,
wasichana tisa wa ghorofa ya pili,
daftari lake halijawahi kupotea hata franka mia.
Zamu yangu ni mwezi wa kumi na moja.
Hakuna swali linalouliza habari za Mujinga.

La kumi na saba:
Baada ya masomo, nina nia ya kuanzisha biashara.
Sikubali kabisa. Sikubali. Sijui. Nakubali. Nakubali kabisa.

Nimepeleka barua tatu migodini,
hata hapana sikuletewa.
Usiku naona chupa za nusu lita, kifuniko chekundu,
munkoyo usiopasua chupa njiani, jina la mama ubavuni.
Halafu naona friza yenye nguo.
Wanasema penye nia pana njia.
Kwetu penye njia pana kofia.

Naacha wazi.

Kabwita anakusanya. Alitutarajia mia tatu,
tumekuja themanini.
"Asistanti, hizo zilizobaki utazifanyia nini?"
"Nitazichoma."
"Niuzie."
Anacheka, kisha anaona sicheki.
Tumepatana elfu mbili, na kalamu moja juu yake.

Jumamosi, vitumbua vya shangazi Numbi vinatoka motoni,
mimi nakunja karatasi kuwa vifuko.
Fundi mmoja wa pikipiki anamaliza cha tatu,
anainua karatasi iliyolowa mafuta,
mwanga unapita katikati ya maswali,
anasoma kwa sauti, polepole, kama barua ya kwao:
"Naogopa kushindwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano."
Anajifuta vidole hapo hapo.

"Ongeza viwili," anasema.